Mablanketi ya Watoto Njiti: Tulivyofuma kwa Mikono Mingi Njombe

Mji wa Njombe uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi yake huwatesa hata watu wazima waliovaa makoti. Kwa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito, baridi hiyo ni hatari kubwa, kwa sababu hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi na joto la mwili wake, linalotakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, hushuka upesi. Hilo ndilo lililonisukuma kuwakusanya majirani tufume mablanketi. Nilikuwa nimesikia habari za Afrika Kusini, ambako Carolyn Steyn alianzisha mwishoni mwa 2013 kampeni ya kufuma mablanketi 67 kwa heshima ya Nelson Mandela, nikaamini kwamba jambo hilo linawezekana hata mtaani kwetu.

Kabla ya kununua uzi nilikwenda kumwona muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, nikamuuliza anahitaji nini hasa. “Dada, msituwekee vifungo, shanga wala riboni,” aliniambia, “na matundu yawe madogo, kidole cha mtoto kisinase.” Akanieleza kwamba njiti hukaa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kwa utaratibu wa kangaruu ulioanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na kwamba kazi ya blanketi ni kuwafunika wote wawili kwa juu, kwani hakuna kitambaa kinachoweza kushika nafasi ya kifua cha mama. Alisisitiza pia kwamba kila kitu cha wodini hufuliwa kwa maji ya moto. Kwa hiyo tuliamua kutumia uzi wa akriliki, yaani uzi wa kiwandani usiotokana na manyoya ya mnyama, kwa kuwa sufu ya kawaida ikiingia maji ya moto hujikunyata na kuwa ngumu.

Ugumu mkubwa ulikuwa katika mikono yetu yenyewe. Wapo waliofuma tangu usichana na wapo waliokuwa wakishika sindano kwa mara ya kwanza, akiwemo mzee mmoja mwalimu mstaafu. Mmoja hukaza uzi, mwingine hulegeza, na idadi ileile ya vitanzi humpa kila mtu kipande chenye ukubwa wake. Jibu tulilipata katika kufuma mraba kwa kuanzia kwenye kona. Kila mtu alipewa kipande cha boksi chenye sentimita 20 kila upande. Unaanza na vitanzi vitatu, unaongeza kimoja mwanzoni mwa kila mstari hadi ubavu wa kipande ulingane na ubavu wa boksi, kisha unapunguza kimoja kimoja mpaka vibaki vitatu. Kwa njia hiyo hakuna anayelazimika kuhesabu, na aliyekaza na aliyelegeza wote hufikia kipimo kimoja. Mama anayeuza viazi sokoni anaweza kufuma kipande akisubiri wateja, jambo ambalo asingeliweza kama angebeba blanketi zima. Vipande 16 vikiunganishwa, vinne kwa vinne, hutoa blanketi la sentimita 80 kila upande.

Uzi mpya ni ghali, kwa hiyo sehemu kubwa tulifumua masweta ya mitumba. Hapa inabidi kuwa na jicho. Geuza sweta nje ndani uangalie mshono wa ubavuni: ikiwa vipande vimefumwa kwa umbo lake na kuunganishwa, uzi utatoka mrefu bila kukatika, ikiwa kitambaa kimekatwa kwa mkasi na kingo kuzungushiwa mashine, utaambulia vipisi vifupi tu. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja, nasi huuzungushia mgongo wa kiti, tukaufunga sehemu nne, tukauloweka, kisha tukauanika ukining’inia hadi ujinyooshe.

Kuunganisha vipande tuliwaachia wale wenye mkono mzoefu, na katika hilo sikukubali kulegeza msimamo, kwa sababu fundo moja likigusa mgongo laini wa njiti humuumiza. Kila mfumaji huacha mwishoni uzi wenye urefu wa mkono, ambao ndio unaotumika kushonea, na ncha zote hufichwa ndani ya mishono badala ya kufungwa. Blanketi likikamilika hufuliwa, hukaushwa kabisa na kutiwa kwenye mfuko safi.

Tulikubaliana na wauguzi kwamba mama akiruhusiwa aondoke na blanketi lake, maana nyumbani ndiko anakokwenda kukabiliana na baridi ya usiku. Kutokana na hilo wodi huhitaji mengine kila mara, nasi hufuma mwaka mzima, tukiongeza kasi kuanzia Machi ili akiba iwepo kabla ya Juni. Masweta ya sufu tunayokutana nayo hatuyatupi. Hayo tunayafumulia mablanketi makubwa ya vipande 35, kwa ajili ya wazee wanaoishi peke yao.