Nilipompiga mtoto chenga

Somo: Ayubu 38:1–7

Bwana asifiwe, wapendwa.

Tafakari ya juma hili naianza kwa toba ndogo. Mliokuwa kwenye kikundi chetu cha nyumbani mtaani Umoja, Nairobi, Jumatano iliyopita mlilisikia swali, na mlisikia nilivyolijibu. Binti wa mwenyeji wetu, yule wa kidato cha pili, alingoja mpaka chai ikamiminwa, akatoa daftari la jiografia begini, akaniuliza mbele ya watu: "Mzee, mwalimu anasema ulimwengu ulianza kwa mlipuko mkuu, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Mwanzo sura ya kwanza inasema vingine. Nishike lipi?"

Nikamwambia hayo ni mambo ya wasioamini, asome tu apite mtihani. Ndugu mmoja akaongeza kwamba hizo ni hadithi za wazungu. Tukacheka kidogo, tukaimba, tukafunga kwa maombi. Binti akasema, "Sawa, mzee," akarudisha daftari mahali pake. Mnaijua ile "sawa" ya watoto wetu wa Nairobi. Ndiyo ile ya kondakta ukimkumbusha kwamba hajakurudishia chenji.

Kwa lugha ya mpira, nilimpiga yule mtoto chenga. Na hilo neno ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu mimi ni fundi wa televisheni, na chenga ndizo zilizonilisha miaka mingi.

Vijana hamkuzijua hizo. Kabla mitambo ya analogia haijazimwa mwaka 2015, mteja alikuwa akipanda ngazi hadi kwenye chumba chetu pale Luthuli Avenue na televisheni nene ya kisogo begani, jasho likimtoka, akaitua mezani kama gunia la viazi. Unachomeka waya wa stima, unangoja. Kwanza inakuja harufu ya vumbi linaloungua. Halafu mlio, shhhhh, kama mafuta ya moto yakipokea kitunguu. Halafu kioo kizima kinajaa nukta nyeupe na nyeusi zinazochemka bila kutulia. Hakuna stesheni. Hizo ndizo chenga. Unazungusha kitufe, unahamisha antena dirishani, picha inaingia, mteja anatabasamu, unalipwa. Kazi yangu yote ilikuwa kuzifukuza. Sikuwahi kukaa nikazitazama.

Usiku ule nilisoma kwenye simu hadi saa saba. Nikakuta kwamba katika chenga za televisheni kama zile, sehemu ndogo, inakadiriwa kama asilimia 1, haikuletwa na waya mbovu wala pikipiki inayopita nje. Ilitoka kwenye nuru kongwe kuliko zote tunazoweza kuzipokea, nuru iliyoachiliwa ulimwengu ulipokuwa na miaka 380,000 hivi. Msione hiyo ni mingi. Kama ulimwengu ungekuwa mzee wa miaka 70, nuru hiyo ilitoka siku yake ya kwanza, bado hajapewa jina.

Kwa hiyo ushahidi wa jambo alilouliza binti ulikuwa juu ya meza yangu miaka yote ile, nami nikiufuta kwa kitufe.

Walioukuta ushahidi huo nao hawakuutafuta, na hapa niruhusuni nisimulie kama fundi. Ni wanaume wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, waliofanya kazi na antena kubwa yenye umbo la pembe huko Holmdel, New Jersey, Marekani. Mwaka 1964 antena yao ilikuwa na kelele isiyoisha. Wakaigeuza upande huu na ule, kelele ni ileile. Mchana na usiku, ileile. Wakakagua viungo na kuvibandika utepe. Ndani ya pembe wakakuta njiwa wamejenga kiota, na kuta zimepakwa kile ambacho ndege huacha. Wakawaondoa njiwa, wakasugua kuta. Kelele haikusogea. Kila fundi aliyewahi kufungua redio mara ya nne mbele ya mwenyewe anaijua hali hiyo: unalaumu waya, kisha stima, kisha unaanza kumlaumu mteja. Mwaka 1965 ndipo ikaeleweka, kwa msaada wa wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Princeton, ambao wenyewe walikuwa wakijiandaa kuitafuta kelele hiyohiyo. Yalikuwa mabaki ya joto la mwanzo, ndiyo ile nuru kongwe niliyoitaja, yaliyopoa hadi nyuzi 270 hivi chini ya sifuri, yanayotufikia kutoka kila upande wa mbingu. Wawili hao walipewa Nobeli mwaka 1978.

Sasa nadharia yenyewe inasemaje? Jina "mlipuko mkuu" linatudanganya, maana tunawaza bomu limelipuka mahali fulani na moshi ukatapakaa. Sivyo. Mama anayekanda unga wa mandazi jioni na kutia iliki atanielewa upesi. Usiku unga unaumuka, na kila punje ya iliki inajikuta mbali na mwenzake, ingawa hakuna punje iliyotembea. Ni unga wenyewe umepanuka. Wanasayansi wanasema anga lenyewe limekuwa likipanuka hivyo, na ukirudi nyuma kwa hesabu, zamani sana vyote vilikuwa vimebanana, vya moto kupita kiasi. (Mfano wangu una kasoro: unga una ukingo wa sufuria. Ulimwengu hatujauona ukingo wake.)

Hata jina hilo lilitolewa na mtu asiyeikubali nadharia. Fred Hoyle, mwanaastronomia Mwingereza, alilitamka redioni mwaka 1949. Yeye na wenzake wawili walikuwa wameshaleta nadharia yao mwaka mmoja kabla, kwamba ulimwengu hauna mwanzo, umekuwepo sikuzote. Na wako wanasayansi wa siku zile walioishuku habari ya mwanzo kwa sababu ilinukia kanisa. Kwao ilifanana mno na "Iwe nuru." Jamani! Jambo ambalo mimi Jumatano nililiita la wasioamini, wasioamini wenyewe waliliogopa wakidhani ni letu.

Na walikuwa na sababu ya kudhani hivyo, kwa kuwa aliyelianzisha alivaa kola ya upadri. Najua kundini humu wamo watakaokunja uso nikimsifu padri, ila nivumilieni. Georges Lemaître, Mbelgiji, alipata upadri mwaka 1923. Mwaka 1927 akachapisha hesabu zake zinazoonyesha kwamba ulimwengu unapanuka, miaka miwili kabla mwanaastronomia Mmarekani Edwin Hubble hajatoa vipimo vyake vya galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zinazotukimbia. Einstein alimwambia hesabu zake ni sawa, lakini fizikia yake inachukiza. Mwaka 1931 padri akasonga hatua nyingine, akasema vyote vilianza kama kitu kimoja kidogo alichokiita atomu ya mwanzo.

Ninalotaka mlishike juma hili lilitokea miaka ishirini baadaye. Novemba 1951 Papa Pius wa 12 aliwahutubia wanasayansi wa Akademia ya Vatikani, akasema kwa furaha kwamba sayansi ya leo imekuwa kama shahidi wa ile "Iwe nuru" ya mwanzo. Mngetarajia Lemaître apige vigelegele. Mkuu wa kanisa lake anaisifu kazi yake mbele ya dunia! Lakini hakufurahi. Aliona nadharia yake ni ya fizikia, isimame au ianguke kwa vipimo vya fizikia, wala isipewe kazi ya kumthibitisha Mungu. Baadaye aliandika kwamba inamwachia asiyeamini uhuru wake wa kukana, na kwa anayeamini inazuia kumzoea Mungu kupita kiasi. Akamtaja Isaya, yule aliyesema, "Hakika wewe u Mungu ujifichaye" (Isaya 45:15). Amejificha hata kwenye mwanzo wa ulimwengu.

Nimelitafuna neno hilo tangu Alhamisi. Kumzoea Mungu. Sisi wahubiri wa vikundi vya nyumbani tuna ugonjwa huo. Tukisikia sayansi imesema jambo linalofanana na Biblia, tunalitangaza madhabahuni Jumapili hiyohiyo. Ikisema lisilofanana, tunasema ni ya shetani. Kwa vyovyote tumeifanya kuwa karani wetu. Kesho vipimo vikibadilika, tutamwambia nini yule tuliyemwambia aamini kwa ajili ya vipimo?

Maana vinaweza kubadilika. Kwamba ulimwengu ulikuwa na moto na umekuwa ukipanuka, hilo limeshikwa kwa ushahidi mwingi. Lakini sekunde ya kwanza kabisa, na kama kuna "kabla" yake, hapo wataalamu wanavutana. Wapo wanaosema ulitanuka ghafla kwa kasi isiyosemeka, wapo wanaosema ulimwengu husinyaa na kupanuka tena na tena, wapo wanaosema yako malimwengu mengi zaidi ya huu wetu. Sitawachosha na hayo, na mengine mimi mwenyewe yananipita.

Swali la "kabla" lakini si geni kanisani. Agostino, askofu Mwafrika aliyezaliwa katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliulizwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita: Mungu alikuwa akifanya nini kabla hajaumba mbingu na nchi? Alilijua jibu la mzaha lililokuwa likizunguka, kwamba alikuwa akiwaandalia jehanamu wadadisi kama wewe. Akakataa kulitumia. Afadhali kusema sijui, alisema, kuliko kumcheka anayeuliza jambo zito. Kisha akajaribu kujibu: wakati nao uliumbwa, hivyo hapakuwa na "wakati ule" wa kuulizia. Sikilizeni lakini ile sehemu ya kwanza. Kuliko kumcheka anayeuliza. Sisi Jumatano tulicheka, na chai mkononi.

Na ndugu yangu wa "hadithi za wazungu", nakupenda, ila nikukumbushe Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri yetu ikitimiza miaka saba ya uhuru, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini pale karibu na Malindi ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei ya nyota. Ilipewa jina Uhuru. Wanaastronomia wa dunia nzima wanalitamka hilo neno letu mpaka leo.

Basi turudi kwenye somo. Ayubu ameuliza kwa sura nyingi, na Mungu anamjibu katika upepo wa kisulisuli: "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi? Haya! Sema, kama ukiwa na ufahamu." Nimeusikia mstari huu ukihubiriwa kuwanyamazisha wanasayansi, na nimeuhubiri hivyo mimi mwenyewe. Lakini Ayubu hakuwa mwanasayansi. Alikuwa mcha Mungu. Na mstari wa pili, "Ni nani huyu atiaye mashauri giza kwa maneno yasiyo na maarifa?", nikiusoma Jumatano usiku ule sikumwona Hoyle wala mwalimu wa jiografia. Nilimwona mzee mmoja wa kanisa, fundi, amekalia kiti cha plastiki Umoja, anamjibu mtoto haraka ili chai isipoe.

Angalieni pia Mungu anavyoendelea. Hamkatazi Ayubu kuuliza. Anamtembeza: baharini, kwenye ghala za theluji, kwenye nyota, kwa simba na kunguru, anamuuliza umeona hiki, umekijua kile. Mwalimu anayetaka mtoto aache kutazama hafanyi hivyo.

Halafu nikafika mstari wa saba, nikasimama wima chumbani: "Hapo nyota za asubuhi zilipoimba pamoja, na wana wote wa Mungu walipopiga kelele kwa furaha." Kelele! Nikawaza antena ya Holmdel, nikawaza shhhhh ya televisheni zangu, nikawa tayari nimepata hubiri: kumbe zile chenga ni kelele za furaha za Ayubu 38! Kalamu mkononi. Kisha nikamkumbuka padri, nikaona aibu. Nilikuwa nafanya lilelile. Mwandishi wa Ayubu hakuwa na antena, na Penzias na Wilson hawakuwa wakisikiliza malaika. Nikafuta. Lakini sitawaficha kwamba mstari ule tangu siku hiyo nausoma nikisikia mlio.

Mwanangu, kama unasoma haya kwenye simu ya mama: nisamehe. Swali lako lilikuwa zuri, na jibu langu lilikuwa bovu. Kwenye mtihani andika alichofundisha mwalimu, tena uandike vizuri, kwa sababu watu wamelitolea jasho. Waebrania 11:3 inasema ni kwa imani twafahamu ya kuwa ulimwengu uliumbwa kwa neno la Mungu. Ulimwengu huohuo ndio anaoupima mwalimu wako. Namna ya kuyashika yote mawili bado najifunza, nami nitakuambia nikifika mahali nisipopajua.

Jumatano hii tukutane palepale, saa kumi na mbili na nusu jioni. Kule kazini bado ninayo televisheni moja ya kisogo, mwenyewe hakuirudia. Nitaileta kwa mkokoteni mpaka stejini, na vijana wawili wanisaidie kuipandisha ghorofa ya tatu. Tutaiwasha bila king'amuzi, tuzime taa, tutazame chenga kwa dakika chache kabla ya kuimba. Mwenye waya mrefu wa stima aje nao, wa mwenyeji wetu hufika mlangoni tu.