Siku ya Michezo ya Mezani Jijini Dodoma

Basi letu liliondoka Iringa alfajiri, likateremka mlima wa Nyang'oro kwa uangalifu, na tulipolipita bwawa la Mtera jua lilikuwa limekwisha kupanda. Kuanzia hapo barabara hupita katika nchi kavu yenye mibuyu mingi na vichaka vya miiba, ambayo mimi huipenda zaidi wakati wa kiangazi, ingawa abiria wengi hulala hadi wafike mjini. Binamu yangu, anayesoma Dodoma, alikuwa amenialika kwenye kusanyiko la wapenzi wa michezo ya mezani. Alinipokea stendi, tukachukua bajaji moja kwa moja hadi ukumbini.

Ndani, meza zilikuwa zimepangwa kwa safu, na katika kila meza alikuwapo kijana wa kuwafundisha wageni kanuni za mchezo. Drafti ilikuwapo pia, tena kwa vizibo vya soda kama inavyochezwa vijiweni, lakini sikukaa hapo kwa muda mrefu.

Nilianza na Catan, mchezo uliobuniwa na Klaus Teuber wa Ujerumani na kutolewa mwaka 1995. Kisiwa chake huundwa kwa vigae 19 vyenye pembe sita, na kila kigae, isipokuwa jangwa, hutoa mali yake: mbao, matofali, sufu, nafaka au madini. Dadu mbili zikirushwa, waliojenga kando ya vigae vyenye namba iliyotoka hupata mali, na anayetangulia kufikisha alama 10 ndiye mshindi. Kwa kuwa hakuna anayeweza kujitosheleza, watu hulazimika kubadilishana, na baada ya muda mfupi meza yetu ilikuwa na kelele kama soko la Majengo.

"Kaka, nipe tofali moja nikupe sufu."

"Sufu ninazo tele, dada. Niongezee nafaka, tuelewane."

Mapatano hayo ndiyo uhondo wa Catan. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni kwamba mtu aliyepata nafasi mbaya mwanzoni anaweza kukaa muda mrefu akiwatazama wenzake wakijenga.

Pandemic, uliobuniwa na Matt Leacock na kutoka mwaka 2008, huenda kinyume kabisa na huo, kwa sababu wachezaji wote huwa upande mmoja wakipambana na magonjwa manne yanayoenea duniani. Ramani yake ina miji 48, ikiwamo Lagos, Kinshasa na Khartoum, lakini Dar es Salaam haimo, jambo ambalo muuguzi mmoja aliyecheza nasi alilisikitikia kwa dhati. Yeye ndiye aliyetuongoza, akituuliza kila mara nani yuko karibu na wapi pa kuwahi kabla mlipuko haujatokea. Tulishindwa, lakini tulishindwa pamoja, na hakuna aliyenyanyuka kwa kinyongo.

Mchana tulikula wali na maharage, kisha nikakwenda kwenye meza iliyokuwa pembeni kabisa, karibu na mlango, ambako mzee mmoja mstaafu wa reli alikuwa ameketi peke yake mbele ya ubao wa bao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kunamua unajua?"

"Kidogo, mzee."

"Basi karibu."

Bao lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Hakuna dadu wala karata ya kuficha. Kila kitu kiko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, yaani shimo lake maalumu la safu ya mbele, kete mbilimbili katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 mkononi, ambazo huziingiza mojamoja; hatua hiyo ya mwanzo ndiyo kunamua. Mzee alizishika komwe zake katika kiganja cha kushoto, akazisambaza kwa kulia bila kuinama wala kuhesabu kwa sauti, na kila kete ilitoa mlio mfupi ilipogonga wenzake shimoni. Kete yake ya mwisho ilipoangukia katika nyumba, alikuwa na hiari ya kusimama au kusafiri na kete zote zilizokuwamo, na mara zote alisimama. Nyumba ilipokwisha kujaa, ndipo alipoichota, akazunguka, akala, akazunguka tena, hadi safu yangu ya mbele ikabaki tupu hali kete bado zimo mikononi mwetu. Ushindi wa namna hiyo huitwa mkononi.

Mchezo wenye kina kama huo haukustahili kuwekwa mlangoni, nami niliwaeleza waandaaji hivyo bila kuzunguka. Wakati huo vijana walikuwa wamekwisha kuizunguka meza, na yule aliyetufundisha Catan alimwomba mzee aanze upya polepole, huku akiziandika kanuni za kunamua katika daftari lake. Waandaaji walikubali kwamba katika kusanyiko lijalo bao litafundishwa asubuhi, katikati ya ukumbi, kabla watu hawajachoka. Mzee aliafiki kwa sharti moja tu, kwamba zipatikane mbao za kutosha ili wanafunzi wasisubiriane, nami nikaahidi kumtafuta fundi seremala wa kuzichonga nitakaporudi Iringa.