Aliyekufa Anaitwa Edson

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Jumanne ya juma hili tumesoma Injili ya mjane wa Naini (Lk 7:11-17). Misafara miwili inakutana kwenye lango la mji, mmoja unaingia pamoja na Yesu, mwingine unatoka na jeneza. Luka hakusahau kutuambia kwamba watu wengi wa mji walikuwa pamoja na yule mama. Mazishi makubwa, basi, ya kujaza barabara. Lakini soma mstari wa 13: "Bwana alipomwona alimwonea huruma, akamwambia, Usilie." Katika umati wote ule, aliyeonekana ni mama.

Nikifika hapo akili inanihamia kwenye jeneza jingine, na kwenye Jumamosi moja ya jumuiya yetu.

Ilikuwa tarehe 31 Desemba 2022, asubuhi. Papa Fransisko alikuwa ameomba Jumatano iliyotangulia tumwombee Papa mstaafu Benedikto XVI, aliyekuwa mgonjwa sana, nasi tulikuwa tukifanya hivyo. Zamu ya maombi ya papo kwa papo ilipofika, mzee wetu mmoja, mtu wa miaka sabini na ushei, akavua kofia na kusema: "Tumwombee na Pele. Amefariki juzi." Yule mwanasoka wa Brazili. Vijana wakacheka chinichini. Katekista akamuuliza, kwa utani lakini si utani sana, kama Pele ni muumini wa parokia gani. Mzee akajibu: "Yule ni somo wangu."

Wakatoliki wa Kiswahili mnajua ubishi ulioanzia hapo. Somo ni mtakatifu ambaye umepewa jina lake ubatizoni, na huyu mzee somo wake anajulikana, ni Yosefu. Lakini mtaani anaitwa Pele tangu darasa la tatu. Alitueleza kwamba hakuwahi kumwona Pele akicheza wakati ule. Televisheni wangeipata wapi? Waliona picha yake kwenye gazeti lililofungiwa sukari. Walikuwa wakicheza pekupeku kwa mpira wa matambara, na yeye ndiye aliyekuwa hakabiki. Baadaye akasikia kwamba hata Pele mwenyewe, akiwa mtoto wa maskini, alipiga soksi iliyoshindiliwa makaratasi na matambara. "Tangu hapo," alisema, "nilijua tunafahamiana."

Na jina lenyewe! Kwetu pele ni zile zinazowasha, na tunasema Mungu humpa pele asiye na kucha. Huyu Mbrazili alipewa na kucha pia: Kombe la Dunia la 1958 akiwa na miaka 17, kisha la 1962, kisha la 1970, na mpaka leo hakuna mchezaji mwingine aliyetwaa matatu. Mwenyewe hakulipenda jina hilo utotoni. Walimtania nalo shuleni na likamganda. Jina la cheti lilikuwa Edson Arantes do Nascimento, Edson kwa heshima ya Thomas Edison wa taa za umeme, na Nascimento kwa Kireno maana yake ni Kuzaliwa. Nyumbani mama yake alimwita Dico. Alifariki São Paulo tarehe 29 Desemba, katika oktava ya Noeli, zile siku nane za sherehe, kwa saratani ya utumbo mpana, na umri wake ulikuwa miaka 82. Zaburi ya 90 inatuhesabia miaka sabini, na tukiwa na nguvu, themanini. Alipewa nyongeza ya miwili.

Katika uhai wake alikuwa na mazoea ya kujizungumzia kama watu wawili. Edson ni binadamu, alisema, ana makosa yake na atakufa, Pele hafi. Watu walilichukua kama neno la majivuno. Mimi naliona neno la mtu aliyefahamu vizuri kuliko mashabiki wake ni nani kati ya hao wawili atakayesimama mbele ya Mungu. Pele hana cha kujibu kule. Ana mabao 1,281 katika hesabu iliyozoeleka, pamoja na zile mechi za kirafiki ambazo wabishi huzikata, na kitabu cha uzima hakina safu ya mabao. Mwenye kujibu ni Edson.

Naye anayo ya kujibu. Msibani hatupendi kuyasema haya, lakini tunamwombea marehemu kwa sababu gani kama alikuwa malaika? Alikuwa na binti, Sandra Regina, aliyelazimika kwenda mahakamani ili baba yake amtambue. Vipimo vilithibitisha kwamba ni wake, mahakama ikaamua, na bado moyo wa baba haukufunguka. Sandra alifariki 2006, kwa saratani yeye pia, na baba hakuonekana mazishini. Huyo huyo, mwaka 1969 pale uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, alipofunga kwa penalti bao lililohesabiwa la elfu moja, alitumia nafasi hiyo kuwaomba watu wawakumbuke watoto wa maskini. Mimi sijui namna ya kuyaweka mambo hayo mawili kwenye mzani mmoja. Ninalolijua ni kwamba Desemba ile ya mwisho, akiwa kitandani, wana wawili wa Sandra walikwenda hospitali kumwona babu yao. Waliyoongea ni yao. Nilipoisoma habari hiyo niliweka simu chini kwa muda.

Jumamosi ile hatujafika mchana, Papa Benedikto naye akaitwa. Jumatatu iliyofuata, tarehe 2 Januari, watu walikuwa wamejipanga foleni mbili katika pande mbili za dunia, moja Basilika ya Mtakatifu Petro, nyingine mji wa Santos, Brazili, uwanja wa Vila Belmiro, ambako jeneza la Pele liliwekwa katikati ya dimba. Huko Santos walipita watu 230,000 kwa saa ishirini na nne, usiku kucha, katika uwanja unaochukua elfu kumi na sita hivi. Sioni sababu ya kuwacheka. Daudi aliwalilia Sauli na Yonathani kwa wimbo, akaagiza watu wa Yuda wafundishwe kuuimba. Aliyekufurahisha bila kukudai kitu, ukamtolea machozi, hujaabudu sanamu. Umelipa deni.

Lakini mashabiki walimlilia Pele, kama ilivyo haki yao. Asubuhi ya tarehe 3 jeneza likapandishwa juu ya gari la zimamoto, likazungushwa mitaani kuelekea makaburini, na msafara ukapitishwa mbele ya nyumba ya mama yake. Dona Celeste alikuwa ametimiza miaka 100 mwezi Novemba. Alikuwa kitandani, na dada wa marehemu alikuwa ameeleza kwamba mama hayafahamu yanayotokea; wanamwambia, ila yuko katika dunia yake mwenyewe. Dada huyo akatokea roshani, akilia, huku barabara nzima ikiimba jina la Pele. Ndani ya nyumba alikuwamo mtu pekee aliyemzaa Dico, na hakujua kwamba anapitishwa.

Ndiyo maana nasema Naini. Ule umati wa Luka bila shaka ulilia kwa dhati. Sisi wengine tungepiga picha tukaendelea na safari hadi kaburini. Bwana yeye alisimama kwa mama. Naamini siku ile ya Santos alikuwa upande wa ndani wa ukuta, kando ya kitanda. Dona Celeste alimfuata mwanawe Juni 2024, na miaka yake 101.

Mwezi Machi 2023 pale Kigali, uwanja wa Nyamirambo ulipewa jina la Pele, kwa hiyo jina hilo litatamkwa karibu nasi kila wikiendi. Hilo liko salama. Isaya 43:1 lakini linasema, "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu," na hapo nadhani jina linaloitwa si lile la kwenye uwanja.

Mzee wetu hakutosheka na maombi ya jumuiya. Alikwenda ofisi ya parokia na sadaka yake kuandikisha nia ya Misa. Karani akamuuliza jina la marehemu, naye akafikiri kidogo, akasema aandike Edson. Jumapili Padre akasoma nia: kumwombea marehemu Edson, imeletwa na Yosefu. Mama mmoja kwenye benchi la mbele yangu akageuka, akaninong'oneza: "Edson ni wa kwa nani huyo?"