Karani Alisahau Moja

Mwaka 1975 nilikuwa mwalimu wa kisomo kijijini kwetu, Usukuma. Elimu yangu ilikuwa darasa la saba, na posho yangu shilingi 30 kwa mwezi, zikifika. Wa aina yangu tulikuwa wengi. Tangu Mwalimu Nyerere autangaze mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, walimu waliosomea kazi hawakutosha, basi vijana waliomaliza shule ya msingi wakapewa chaki wawafundishe wazazi wao.

Tulianza saa kumi jioni, watu wakishatoka shambani. Ubao tuliuegemeza kwenye mwembe. Kusoma kulikwenda vizuri, maana vitabu vya kisomo kwetu vilihusu pamba, na kuhusu pamba wanafunzi wangu walikuwa na mengi ya kuniambia. Kazi ilikuwa kwenye hesabu. Tatizo ni kwamba walijua. Mama aliyeuza karanga sokoni miaka yote hakupunjika chenji hata senti, lakini ukimwandikia 15 kutoa 8 ubaoni anakutazama kama umemtukana.

Mzee mmoja wa rika la babu yangu nilimwita Babu. Yeye aliniita Mwalimu, tena kwa heshima iliyonifanya nione haya. Jioni moja, msimu wa kuuza pamba ukikaribia, alifungua kitambaa akatoa stakabadhi ya mwaka uliopita. Alikuwa ameitunza bila kujua imeandikwa nini. Akataka nimsomee.

Nikasoma: mizigo mitatu, kilo 41, kilo 38, kilo 52. Sikuwa nimefika kwenye jumla, Babu akasema, "Mia na thelathini na moja."

Kwenye karatasi paliandikwa 121.

Nikazinakili zile namba ubaoni, moja chini ya nyingine, tukajumlisha kwa njia ya shule. Moja na nane na mbili, kumi na moja. Andika moja, moja ipeleke kwenye makumi. Nne na tatu na tano, kumi na mbili, na ile moja, kumi na tatu. 131. Karani alikuwa ameandika moja, ile nyingine akaiacha njiani. Kilo kumi za pamba zimepotelea hapo.

Nilimuuliza Babu yeye amepataje upesi hivyo. Akashangaa swali lenyewe. "Si unaanza na kubwa? Arobaini, thelathini, hamsini, hiyo mia na ishirini. Vidogo vinafuata, kumi na kimoja." Nilimwelewa. Mtu anayehesabu kichwani anashika kwanza kilicho kizito, hata akikosea, anakosea vidogo. Njia yetu ya ubaoni huanzia kulia, kwenye vidogo, na ukisahau kitu kimoja tu unapoteza kumi nzima. Hayo hakuna aliyeniambia nilipokuwa shuleni.

Darasa lilichangamka. Mama wa karanga akasema karani naye aje kisomo, tutampa nafasi mbele. Wengine walisema ni mwizi. Mimi mpaka leo naamini alisahau tu, maana mwizi angeiba vizuri zaidi, angepunguza uzito wa mizigo yenyewe asiguse jumla. Ila nimeona kwamba usahaulifu wa makarani mara chache humwangukia mkulima kwa faida.

Kuanzia jioni ile niliacha mazoezi ya kitabuni kwa muda. Nilichora uso wa mizani ubaoni, na mshale, tukawa tunausoma. Kila mtu alijumlisha kichwani kwanza, kisha kwa maandishi, na majibu yakitofautiana tulitafuta penye kosa. Ununuzi ulipofunguliwa, Babu alisimama karibu na mizani, na kila mzigo uliponing'inizwa aliutaja uzito wake kwa sauti, wa kwake na wa jirani zake. Karani alinuna, lakini aliandika alichotajiwa.

Agosti tulifanya mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo. Baadaye serikali ilitangaza kuwa wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39. Nilifurahi, ingawa nilijiuliza kuhesabu kumekwenda wapi katika sentensi hiyo. Babu alifaulu kusoma. Kwenye hesabu aliandika majibu matupu, bila kuonyesha njia, na sidhani msahihishaji alipendezwa.

Hakujali. Alikuja na stakabadhi mpya, jumla iko sawa safari hii, akaweka kidole kwenye mstari wa makato na kuniuliza hiyo asilimia wameipata wapi. Niliomba anipe mpaka kesho, jioni ile ile nikaenda kumgongea mwalimu mkuu wa shule ya msingi.