Impreza: stabilaiza ya nyuma, bomba au chuma kizima?

Kwenye Subaru Impreza yangu kazi ya shokapu na springi imekwisha, sasa ni zamu ya stabilaiza ya nyuma, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia na kusokotwa gari likilala kwenye kona. Nikipanda kutoka Himo kwenda Marangu gari bado linasukuma pua: usukani nimeshakata, lenyewe linataka kuingia migombani. Dawa ya kawaida ni kukaza nyuma. Kwenye kona, tairi ya nyuma ya upande wa nje inabebeshwa mzigo zaidi, nyuma inapungukiwa mshiko kidogo, na mbele inapata nafuu.

Ya kwangu nimeipima kwa venia (kipimo cha kubana cha kupimia unene): milimita 17, chuma kizima. Kwenye spea za mtumba nimepata mbili zinazoingia, moja chuma kizima cha milimita 20, nyingine bomba la milimita 22. Muuzaji aliapa kuwa bomba ni la mashindano, kwa hiyo ndilo gumu kabisa. Nikaamua kupiga hesabu.

Ugumu wa kusokotwa unakwenda kwa kipenyo kipeo cha nne, yaani kipenyo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne (d × d × d × d). Ndiyo maana kutoka 17 hadi 20, milimita tatu tu, ugumu unapanda karibu mara 1.9. Kwa bomba unatoa kipeo cha nne cha tundu lake, ila ncha zimepondwa bapa na venia haipiti. Nikazipeleka zote mbili kwenye mizani ya duka la unga: nzima kilo 3.5, bomba kilo 2. Kwa urefu uleule, uzito huo unamaanisha ukuta wa milimita 3 hivi, yaani tundu la 16. Basi kwa hesabu hiyo ya vipeo, bomba ni 168,720 na nzima ni 160,000. Tofauti ya asilimia 5! Mimi siwezi kuihisi kwenye usukani, na muuzaji pia hawezi.

Bomba halipotezi sana kwa sababu fimbo ikisokotwa, kazi kubwa inafanywa na chuma cha karibu na ngozi ya nje. Kiini kinasindikiza tu. Kwa mtu wa mbio, kilo moja na nusu ni mali. Mimi kila nikitoka kijijini buti lina mkungu wa ndizi.

Fundi wangu wa Majengo alikuwa na njia ya tatu: “Kaka, lete nondo nikukunjie.” Kwa ugumu hakukosea, maana vyuma karibu vyote hukaza sawa vikiwa na unene mmoja. Shida ni kurudi. Chuma cha springi kimepikwa kikapozwa kitaalamu ili kijinyooshe; nondo ikipata kona kali inabaki imejipinda.

Nimechukua nzima ya 20. Bomba likishika kutu kwa ndani hulioni mpaka likatike, na bushi (raba zinazoishikilia fimbo kwenye gari) za 20 ndizo nilizozipata madukani. Tumefunga, bolti za linki, vile vifimbo vya kuunganisha ncha za stabilaiza, tukazikaza gari likiwa limesimama kwa tairi zake.

Pua imetulia, Marangu napanda bila kugombana na usukani. Kwenye matuta ya barabara ya Arusha hakuna kilichobadilika, kwani magurudumu yote mawili yanapanda pamoja na stabilaiza inazunguka tu kwenye bushi. Shimo la upande mmoja ndilo linaniadhibu: bodi inayumba kushoto kulia kuliko zamani.

Udongo mwekundu wa Kibosho ukilowa bado sijaujaribu, na hapo ndipo mkia unaweza kuteleza. Ile ya 17 iko stoo hadi masika yapite.