Imparadise: kitenzi chenye ukuta ndani yake

Leo naandika kuhusu kitenzi ambacho Waingereza wengi huzeeka bila kukitamka: imparadise, kumtia mtu peponi angali hai.

Shina lake ni la Kiirani cha kale, pairidaeza, kiunga kilichozungushiwa ukuta. Wagiriki walisema paradeisos kwa bustani za wafalme wa Uajemi, na waliotafsiri Torati kwa Kigiriki wakaliteua neno hilo kwa bustani ya Edeni. Firdausi yetu, iliyotufikia kwa Kiarabu, ni ya ukoo huohuo.

Kama kitenzi, tunakikuta kwanza upande wa Kiitaliano kwa mshairi Dante, aliyefariki 1321. Katika wimbo wa 28 wa Paradiso, sehemu ya utenzi wake inayosimulia pepo, Beatrice, mwanamke aliyempenda, ndiye anayeitia akili ya mshairi peponi: imparadisa. Dante alikuwa fundi wa kuunda vitenzi vya namna hii. Anacho pia indiarsi, kuzama katika Mungu.

Mshairi Mwingereza John Milton alikijua Kiitaliano kiasi cha kutunga mashairi kwa lugha hiyo, na alizuru Italia mwaka 1638 na 1639. Katika kitabu cha 4 cha Paradise Lost, utenzi uliotoka 1667, Adamu na Hawa wamekumbatiana, nacho kitenzi kinafungua mshororo kikiandikwa Imparadis't, silabi nne kati ya kumi. Anayekitamka ni Shetani, kwa wivu. Hapo ndipo navutiwa zaidi na Milton. Shetani ameshauruka ukuta, yumo bustanini kabisa, ila raha anaiona kwa macho tu. Wawili wale wametiwa peponi na mikono ya kila mmoja wao, wala si na bustani.

Anayetaka kukitumia ajihadhari na im-. Si ile ya kukanusha iliyomo katika impossible. Ni ya kutia ndani, kama imprison, kufunga gerezani. Asili yake ni in-, na n imekuwa m kwa kukaribiana na p, jinsi tunavyosema nyumba mbaya badala ya "nyumba nbaya". Mkazo uko silabi ya pili. Tena ni kitenzi elekezi: lazima awepo anayetiwa, la sivyo sentensi inaning'inia. Mara nyingi utakikuta katika umbo la kutendwa, imparadised, na wengine huandika emparadise. Kwa chakula kitamu au likizo nzuri ni kizito mno; kiachiwe mapenzi na ibada.