Sifuri iko kulia

Jana nilichuchumaa karibu saa nzima nyuma ya ruta, kifaa cha kuunganisha mitandao, Cisco 1841 ya zamani, kwenye ofisi moja hapa Tabora, jirani na stesheni. Feni imejaa vumbi, mgongo unauma. Kadi ya seriali, ile ya laini ya kwenda mtandao wa mbali, nimeichomeka sloti (nafasi ya kadi) ya kushoto; kwenye amri naiita 0/0/0. Ruta inagoma: haipo!

Kijana ninayemfundisha kazi akauliza, "Kaka, hii si inahesabu sloti kutoka kulia?"

Ndiyo. Kulia kwenda kushoto, ikianzia sifuri. Kadi yangu ni 0/1/0: ruta yenyewe, sloti, kisha poti, yaani tundu la waya. Poti mbili ambazo ruta imezaliwa nazo zina tarakimu mbili tu, 0/0 na 0/1. Nani alipanga hivi, sijui. Soda nilinunua mimi.